Wanaokwenda na Kurudi

Mume wangu alilikuta begi la Mama kitandani, nimelijaza hadi zipu imegoma, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja. Alitoa sufuria. Alitoa chumvi, pasi, mishumaa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto nilivyovifunga kwenye nailoni visilowe. Ameshanizoea. Kila mwaka baada ya Pasaka, joto la Durban likilegea na shuka zikianza kukauka kwenye kamba siku ileile, majirani zetu hapa Westville hufunga mitumbwi juu ya magari yao, naye huanza kuuliza wikendi hii twende wapi: bwawani kupiga makasia, mtoni kuvua samaki, au milimani kutembea. Mimi hujibu popote, sina neno. Kisha naingia chumbani na kupakia kama mtu aliyeambiwa nyumba inabomolewa.

Begi lenyewe ni lile la nailoni ngumu lenye miraba ya nyekundu, bluu na nyeupe. Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, nilikozaliwa, lilikuwa likiitwa shangazi kaja. Lilifika mikononi mwangu mwaka jana, majira kama haya, baada ya kumzika Mama. Mdogo wangu Bahati alichukua redio, mimi nikachukua begi, na hakuna aliyeona ajabu. Ukilifungua bado linanuka naftalini na unga wa muhogo, lakini harufu hiyo hainikumbushi Mama mgonjwa. Inanikumbusha safari yetu ya kwanza ya wikendi, enzi ambazo katika familia yetu hakuna aliyejua kwamba wikendi mtu anaweza kwenda nayo mahali, isipokuwa Baba, na hata yeye aliambiwa na bosi wake.

Tulikuwa tukikaa Albert Park, katikati ya jiji la Durban, ghorofa za juu, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sisi hatujahamia. Mama alisuka nywele kando ya barabara karibu na soko. Baba alifanya kazi kwenye karakana moja upande wa Greyville, akiziba nyufa za mitumbwi, na jioni alirudi akinuka gundi kali kiasi kwamba Mama alimtaka avulie shati koridoni. Mwenye karakana, Mzungu mmoja mzee ambaye sisi watoto tulidhani jina lake ni Bosi, alikuwa akiikodisha mitumbwi hiyo kwenye bwawa moja huko juu, ukishapita mji wa Maritzburg. Mwaka ule, Pasaka ilipopita na wateja wakapungua, alimwambia Baba kwamba kule bwawani ana kibanda cha mbao kitakachokaa kitupu Jumamosi na Jumapili. Achukue mke na watoto, waende wakapumzike. Hata pikapu atamwazima.

Baba alituletea habari hiyo kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Yeye alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, na tangu tufike Durban alikuwa akiishika mitumbwi kila siku bila kuiona majini. Mama kwao ni kwenye vilima vya juu ya Uvira, upande wa Kongo. Kwake yeye maji yalikuwa kitu cha kunywa na kitu cha kuvuka, na alikwisha kuvuka mara moja, akiwa na mimi tumboni, ndani ya boti lililojaa watu walioacha kila kitu nyuma. Hakuikataa safari. Alisikiliza hadi mwisho, akasema sawa, na Alhamisi jioni akalivuta begi kutoka chini ya kitanda.

Begi lile halikuwahi kuwa tupu. Siku zote lilikaa na blanketi moja, nguo za kila mtu, na karatasi zetu za ukimbizi ndani ya mfuko wa nailoni, uliokuwa ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Jioni hiyo Mama aliliongezea sufuria, mwiko, pasi, vikwembe vyake, vile vitenge vya kwendea kanisani, na picha ya harusi aliyoibandua ukutani. Baba alisimama mlangoni, shati mkononi, akitazama.

"Mama Mapendo, hii yote ya nini? Ni siku mbili tu. Jumamosi tunaenda, dimanche tunarudia."

Mama aliendelea kukunja. "Weye ulishaka ona mutu anatoka kwake na watoto na mizigo, kisha anarudia?"

Baba alipatazama ukutani pale picha ilipokuwa. Leo najua alikuwa akitafuta mfano, hata mmoja, katika maisha yao wote wawili, na hakuupata. Aliingia ndani akaenda kuoga.

Mapendo ni mimi. Nilikuwa nimekaa sakafuni pale pale nikifanya hesabu za shule, na swali la Mama nililipokea kama tangazo. Kwa akili yangu lilikuwa limekamilika, halina shaka. Uvira waliondoka kabla sijazaliwa, na hawakurudi. Kambini tuliondoka alfajiri nikiwa mgongoni kwa Mama, na hatukurudi. Greyville, tulikokaa mwanzo, tuliondoka siku mwenye nyumba alipobadilisha kufuli, na mpaka leo kuna kikombe changu cha njano huko. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nyoka sikuwa nimemwona, ila mshtuko niliurithi ukiwa kamili.

Kwa hiyo kesho yake, Ijumaa, niliinua mkono darasani nikamwambia mwalimu kwamba leo ndiyo siku yangu ya mwisho. Aliuliza tunahamia wapi. Nilisema sijui, ila kuna maji. Mwalimu yule alikuwa na roho nyepesi. Alifunga kitabu, akalisimamisha darasa zima, wakaniimbia wimbo wa kuaga kwa Kizulu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alinikumbatia mpaka kalamu iliyokuwa mfukoni mwake ikanichoma shavu. Rafiki yangu Aline, Mrundi wa ghorofa ya juu yetu, alilia kwa kwikwi, na nilimpa kamba yangu ya kuruka, maana kamba ni kitu cha kuachia mtu. Nilikuwa na huzuni, lakini siwezi kusema nilishangaa. Kuhama kwetu kulikuwa kama mvua, ukiiona inakuja unaanua nguo.

Niliporudi nyumbani nilikuta kila dalili imetimia. Friji imechomolewa, mlango wake wazi. Maharagwe, unga na mafuta Mama alikuwa amevipandisha kwa Mama Aline, mwenzake wa kanisani, pamoja na ufunguo wa akiba. Magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba. Na nyumba ilikuwa imepigwa deki kuanzia dirishani kurudi mlangoni, kama ufanyavyo unapomkabidhi mtu nyumba yake.

Usiku ule tulilala sakafuni juu ya vikwembe, na Jumamosi tuliondoka asubuhi. Mimi na Bahati tulikaa nyuma ya pikapu pamoja na begi, tumefunikwa kikwembe kwa sababu ya upepo. Mji ulipoisha ilianza migomba, kisha miwa, kisha vilima ambavyo nyasi zake zilikuwa zimekauka na kuwa na rangi ya ganda la mkate. Kadiri tulivyopanda, hewa ilizidi kuwa kavu na baridi, na Bahati alitokwa na kamasi njia nzima. Nilikuwa nikitazama kila jengo la shule tulilolipita, nikijiuliza kama ndilo.

Tulipofika, moyo wangu ulitulia, maana mahali penyewe nilipatambua mara moja. Ilikuwa kambi.

Sikuwa nimekosea sana. Kwenye mteremko wa kwenda majini kulikuwa na mahema, mengi, yamepangwa kwa mistari. Nguo zilianikwa kwenye kamba za mahema. Watu walipika nje, juu ya mawe, moshi ukiwaingia machoni. Kulikuwa na bomba moja, na watu wamepanga foleni wakiwa na ndoo. Watoto walikuwa pekupeku. Getini kulikuwa na askari mwenye kofia ambaye aliuliza tuko wangapi, akaandika, akatupa kipande cha karatasi. Tofauti na Kigoma ilikuwa moja tu, kwamba wakimbizi wa hapa walikuwa Wazungu, pamoja na familia chache za Wahindi wenye fimbo ndefu za kuvulia. Hilo lilinishtua kidogo. Sikujua kwamba na wao hufukuzwa. Mahema yao yalikuwa mapya, rangi hazijapauka, kwa hiyo nilielewa kwamba wamekimbia juzijuzi tu.

Mama alijua vizuri kwamba pale si kambi. Ila mwili wake haukujua. Kabla Baba hajazima gari alikwisha kuuliza bomba liko wapi. Alijaribu kufuli ya kibanda mara kadhaa, akausukuma unga mdogo aliobaki nao chini ya kitanda, kisha akanichukua tukaokote kuni upande wa msituni kabla wengine hawajazimaliza. Wengine hawakuwa na habari na kuni; walinunua zikiwa zimefungwa kwenye mifuko pale getini. Mama alipoiona mifuko ile alitikisa kichwa na kusema kwamba hawa hawatafika mbali.

Alinituma bombani na dumu. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja wa Kizungu, mwenye madoadoa usoni na ndoo ya njano, aliyenitabasamia. Kiingereza changu cha shule kilikuwa kizuri, na nilikuwa nimelelewa kuwapa pole watu. Nilimuuliza nani aliwafukuza. Alinitazama, akafikiri kweli kweli, kisha akacheka na kusema ni ofisi. Ofisi, simu, na barabara ya kwenda kazini asubuhi. Alisema wamekimbia vyote hivyo, wamechoka kabisa. Nilibeba dumu langu mbio kwenda kumwambia Mama kwamba watu wa hema la bluu wamekimbizwa na ofisi.

Mama alikuwa akikaanga ndagala. Hakucheka. Aligeuza samaki, kisha akasema, "Kila mutu iko na vita yake." Akachota ndagala na kipande cha bugali, akavifunika kwa sahani nyingine, akanituma nivipeleke kwenye hema la bluu. Yule mama alipokea kwa mikono miwili, akiwa mwekundu kwa aibu au kwa moto, sijui. Jioni sahani ilirudi ikiwa na soseji, na Mama aliridhika sana, maana mtu asiyerudisha sahani tupu ana malezi.

Lakini mchana ule niliona mambo yaliyoanza kunisumbua. Kulikuwa na kundi la watu wenye viatu vizito na fimbo mbili mbili, wanaume kwa wanawake, waliopanda kilima kilichokuwa nyuma ya bwawa. Nilidhani wanafuata maji au kuni, au labda ndugu. Baada ya saa kadhaa walishuka wakiwa wamechoka, wamevimba miguu, na hawakuwa wamebeba chochote. Mama naye alikuwa akiwatazama. Alimuuliza Baba walikwenda kutafuta nini huko juu. Baba alisema hawakutafuta kitu, wanapanda tu, wanatazama, wanashuka.

Halafu ikaja habari ya samaki. Mhindi mmoja aliyekaa karibu na kibanda chetu alivuta samaki mkubwa, wa kulisha nyumba nzima. Watoto wake walipiga makofi. Akampima, akapigwa naye picha, kisha akapiga magoti ukingoni na kumrudisha majini, polepole, akimshikilia mpaka alipoweza kuogelea mwenyewe. Mama alisimama kabisa akidhani samaki amemponyoka mtu. Baba alipomweleza kwamba ndivyo wafanyavyo, wanamtoa kisha wanamrudisha, Mama alikaa chini na kusema anatumaini na samaki mwenyewe alielezwa. Nami nilikuwa nikifikiri. Kambi gani hii ambamo kila anayeondoka anarudi, hadi samaki?

Baba ndiye aliyetuchekesha siku hiyo. Bosi alikuwa amemruhusu kutumia mtumbwi mmoja mwekundu wa watu wawili, aliouziba mwenyewe. Tangu Alhamisi alikuwa akituambia jinsi kwao walivyopiga kasia wakiwa wamesimama, upepo ukija hivi unafanya vile. Aliingia majini kwa madaha. Kasia la hapa, hata hivyo, lilikuwa na mabapa pande zote mbili, na mtumbwi ulikuwa mwepesi kama kijiko. Alizunguka. Alipiga upande huu akazunguka huku, akapiga upande ule akazunguka kule, na hakusogea zaidi ya pale. Mama alicheka. Alicheka akashika mbavu, akakaa kwenye nyasi, akafuta machozi kwa ncha ya kikwembe. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akicheka vile nyumbani. Baba aliona, na nadhani ndipo alipopata wazo lake la Jumapili.

Jumapili asubuhi ukungu ulilala juu ya maji na nyasi zilikuwa zimelowa. Baba alikuwa ameamka mapema kufanya mazoezi, na sasa mtumbwi ulikuwa ukimtii. Alikuja kibandani akamwambia Mama waende wao wawili tu, mpaka katikati ya bwawa. Mama alisema watoto je. Baba alisema watabaki. Mama alisema basi hakuna safari. Tunakwenda wote au hatuendi, na begi pia. Mtumbwi una viti viwili, Baba alisema. Mama alijibu kwamba hata lile boti la kwanza halikuwa na nafasi, na watu waliingia.

Yule mama wa hema la bluu alikuwa ameketi karibu nasi, kikombe cha chai mkononi, na bila shaka hakuelewa neno hata moja. Baba hakubishana. Alilichukua begi kibandani, akalibeba hadi ukingoni, akaliweka kwenye nyasi kavu, akatukalisha mimi na Bahati juu yake.

"Watoto wako juu ya begi," alisema. "Begi iko chini ya watoto. Tunaenda pale kati, tunarudia hapa hapa."

Mama alitutazama kwa muda mrefu. Alimfunga Bahati kamba za viatu. Alitwambia tushikane mikono, tusisimame, na mtu akituuliza tuseme jina lake lote na jina la jengo letu. Kisha akavaa lile jaketi la kuelea la rangi ya machungwa juu ya kikwembe, akaingia mtumbwini akiwa ameshika kingo zote mbili, na Baba akausukuma.

Sasa mjue jambo moja. Mimi niliamini kwamba ng'ambo ya pili ni nchi nyingine. Katika hadithi zote za nyumbani kwetu, maji yalikuwa na huku na yalikuwa na kule. Huku ndiko ulikoacha watu, na kule ndiko ulikoandikishwa upya. Hakuna aliyewahi kusimulia habari ya mtu aliyevuka nusu. Nilimwona Mama akiwa mgongo wa rangi ya machungwa, ukipungua, ukiingia kwenye ukungu. Bahati aliniuliza kama watarudi. Nilikuwa dada mkubwa na nilipaswa kusema kweli, kwa hiyo nilimwambia kile nilichomsikia Mama akisema, kwamba hakuna mtu anayetoka na kurudi. Akaanza kulia. Nikamshika kwa ukosi wa shati asije akateremka kutoka kwenye begi, kwa sababu begi ndilo lililokuwa limebaki. Niliogopa. Nimeogopa mambo mengi tangu siku ile, leba zote mbili zikiwamo, na bado naweza kusema sijaogopa vile.

Mtumbwi ulifika kati. Ukasimama. Kisha pua yake ikaanza kugeuka, nami nikadhani Baba ameanza kuzunguka tena. Uligeuka polepole, na badala ya mgongo nikaona bega la Mama, halafu nikaona uso wake. Ulikuwa mdogo sana, lakini ulikuwa uso, na ulikuwa umeelekea kwetu. Nilimwambia Bahati anyamaze, wanakuja. Hakuniamini, na sikumlaumu.

Mama aliteremka kabla mtumbwi haujagusa nchi kavu, akatembea majini kikwembe kikilowa. Alinigusa kichwa, akamgusa Bahati kichwa, akaligusa begi. Halafu akageuka kuyatazama maji aliyotoka, mikono kiunoni, jaketi likiwa limempanda mpaka masikioni.

"Tumerudia," alisema, na hakuwa akimwambia yeyote kati yetu.

Jioni ile tulirudi Durban. Robot, yaani taa za kuongozea magari, duka la simu la pale kona, ngazi, harufu ya koridoni, kila kitu kilikuwa mahali pake. Mama alifungua mlango akasimama kizingitini, hakuingia. Nyumba ilikuwa safi na tupu kama alivyoiacha, imemsubiri mtu mwingine ambaye hakuja. Kisha tukagundua kwamba hakuna chakula. Tulipanda kwa Mama Aline, ambaye alitufungulia mlango na kutukodolea macho, maana naye aliamini tumekwenda moja kwa moja. Unga aliurudisha. Mafuta yalikuwa nusu. Maharagwe walikuwa wameyala mchana, na alituomba radhi huku akicheka, na Mama akacheka pia, wakacheka mpaka mtu wa jirani akagonga ukuta. Tulikula uji. Kesho yake niliingia darasani na mwalimu akabaki na chaki hewani. Wenzangu walidai niwarudishie wimbo wao. Kwa muda mrefu shuleni nilijulikana kama msichana aliyehama wikendi, na Aline kamba yangu hakunirudishia hata siku moja.

Mwaka uliofuata, joto lilipolegea, Bosi alimpa Baba tena kibanda. Nilijiandaa kwa yale yale. Begi lilitoka chini ya kitanda kama kawaida, na sufuria ikaingia, na karatasi zikaingia. Lakini Jumamosi asubuhi, pikapu ikiwa imekwisha kupiga honi chini, Mama alirudi jikoni. Alimimina maharagwe kwenye bakuli la plastiki, akaosha, akatia maji mengi, akafunika kwa sahani. Nilimuuliza ni ya nani.

"Ya kwetu," alisema. "Kesho jioni nitapika."

Nilisimama nikilitazama bakuli lile kuliko nilivyotazama kitu chochote siku hiyo. Mtu hawezi kuloweka maharagwe kisha akahama. Nilishuka ngazi zote nikiimba, na nilipofika bwawani nilipanda kilima pamoja na Baba mpaka juu, nikatazama, nikashuka, sikubeba kitu, na nilijisikia vizuri sana. Tuliporudi Jumapili, maharagwe yalikuwa yameanza kuchacha kidogo, jikoni kunanuka. Mama aliyasuuza, akayabandika, akasema uchachu kidogo haujaua mtu. Harufu ile watu wengi hukunja pua wakiisikia. Mimi nikiisikia najua nimefika nyumbani.

Tulikwenda miaka mingi baada ya hapo, karibu kila majira haya, hata Bosi alipofunga karakana na ikabidi tukodi kama watu wengine. Mama alijifunza kupiga kasia vizuri kumshinda Baba. Alinunua viatu vya kupandia kilima. Samaki wa kurudishwa hakuwakubali mpaka mwisho. Na begi hakuliacha, wala hakulipunguza. Watu wa pwani wana msemo, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mama hakuwa mtu wa pwani, na msemo huo angeutaka uthibitishwe. Aliuthibitisha mwenyewe kila mwaka, kwa bakuli, huku begi likiwa begani kwa tahadhari.

Mwaka jana Jumamosi moja asubuhi, Baba alinipigia simu kwamba Mama anashindwa kupumua vizuri. Nilikwenda Albert Park kumchukua. Nilimkuta amevaa, ameketi kitandani, begi miguuni. Alitembea mwenyewe mpaka garini, akipumzika kila ngazi zilipokata kona. Hospitali walimlaza. Tulizungumza jioni ile kuhusu watoto wangu na kuhusu viatu vyake vya kilima, kwamba soli imeachia na Bahati avipeleke kwa fundi. Jumapili alasiri alifariki.

Mimi na Bahati tulirudi na Baba kwenye nyumba ile jioni kuchukua kikwembe cha kumvika. Nilipofungua mlango, harufu ilinipiga usoni. Nilijua kabla sijafika jikoni. Bakuli lilikuwa pale pale mahali pake, limefunikwa kwa sahani, povu dogo limekusanyika pembeni. Bahati, ambaye huwa hawezi kusimama bila kufanya kazi, alilichukua akaelekea nalo kwenye sinki amwage. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, hajavua hata koti.

"Musimwange ile," alisema. "Alisema iko anarudia."

Basi niliyasuuza, nikabadilisha maji, nikasuuza tena, nikayabandika. Tulikaa jikoni sote watatu mpaka yalipoiva. Nililia nikikata kitunguu, na nililia baada ya kumaliza kitunguu. Tuliyala yote kwa wali, na Baba alikwangua sufuria.

Anakaa nasi hapa Westville sasa. Kesho tunakwenda bwawani, mara ya kwanza bila Mama. Mtumbwi umekwisha kufungwa juu ya gari, na mume wangu ameniachia vyeti vya kuzaliwa ndani ya begi, amechoka kuvitoa. Nimepita jikoni nikaloweka maharagwe, nikayafunika kwa sahani. Baadaye nilimsikia Baba akiburuta ndara zake gizani kwenye korido. Alifunua, akatazama, akaongeza maji kidogo, akafunika, akaenda kulala.